Sikitu Nyuma ya Kichuguu

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wakitahiniana, mbwa jike Sikitu alikuwa na wasiwasi kupita kiasi. Mwanawe, Tambo, alikuwa mtiifu. Siku ya mashindano ya utii ilipokaribia, mama hakula wala hakulala. Kutwa alimfundisha: "Keti! Njoo! Tulia!" Kwani mtoto aliyeshindwa hakupewa kundi la kulinda.

Korongo, mwamuzi, akatangaza jaribio la mwisho: "Mtoto aketi hapa. Mama ajifiche nyuma ya kichuguu mpaka nimwite."

"Usiinuke, mwanangu, hata radi ipige," Sikitu akasihi.

Alipojificha, alisikia majani yakichakacha. Akadhani Tambo anaondoka. Alijikaza, lakini uzalendo ukamshinda, akachomoka akibweka, "Tambo, keti!"

Tambo alikuwa ameketi. Aliyechakacha majani alikuwa kanga.

"Mtoto amefuzu, mwalimu ameanguka," Korongo akasema. "Kundi nampa Tambo."

Tambo hakusogea. "Mama, naruhusiwa kuinuka?"

Sikitu akainamisha kichwa kwa aibu. "Inuka, baba. Leo tangulia wewe, mimi nitakufuata."