Kipimo cha Malukhu

Semei alitafuna punje ya sita ya kitunguu saumu, akaongeza majani ya mpera, kisha akasukutua kwa maji ya sabuni. Machozi yalimtoka. Hakujali. Asubuhi hiyo alikuwa radhi kunuka kitu chochote kile, mradi asinuke pombe.

Ilikuwa mwaka 1988, vita bado havijapoa kaskazini mwa Mbale, na shirika la misaada lililomwajiri lilikuwa limechoka. Malori mawili ya mbegu na unga yalilala mtaroni, si kwa risasi bali kwa ulevi wa madereva. Basi wakubwa wakatangaza kwamba kabla msafara haujaondoka kwenye ghala la Malukhu, kila dereva atapimwa pumzi kwa mashine mpya kutoka Ulaya. Atakayekamatwa ana pombe arudi kwao, kwa miguu akipenda.

Semei hakuwa na pa kurudi. Hii ilikuwa kazi yake ya tatu tangu aache jeshi, na mkewe Proscovia alishamwambia kwamba akiipoteza hii asithubutu kubisha hodi kule Buwenge. Alimpenda sana mwanamke yule, na kumwogopa alimwogopa zaidi. Hata hivyo, jana baada ya kuegesha lori alipitia kwenye malwa, kusalimia tu. Chungu cha pombe ya ulezi kiko katikati, maji ya moto yanaongezwa, mirija mirefu inazunguka kutoka mkono hadi mkono. Salamu zikawa ndefu.

Sasa madereva walikuwa kwenye foleni. Waliingia mmoja mmoja kwa nesi Khainza, na kila mara mlango ulifungwa. Mutwalibu, Mwislamu wa Jinja ambaye pombe kwake ilikuwa hadithi ya watu wengine, aliingia na kutoka upesi, anatabasamu. Akafuata Wasike. Huyu alitoka amenywea.

"Imenishika, afande," alimwambia Semei.

"Wewe ulipuliza na nguvu sana!"

"Kupuliza gani? Mimi hata bado kupuliza, tayari jina imeandikwa!"

Semei alimhurumia, ile huruma ya mtu anayejiona mjanja. Mjinga huyu hakutafuna saumu. Mashine ya Ulaya imemnusa tangu mlangoni.

Alipoitwa, aliingia kifua mbele. Juu ya meza kulikuwa na kitu kikubwa kilichofunikwa kwa shuka jeupe, na chini ya shuka ulitokeza mrija mrefu wa mpira. Mbele ya meza paliwekwa kigoda.

"Karibu, afande. Kaa," alisema Khainza. Alikuwa mzaliwa wa papo hapo Mbale, mama mtu mzima asiye na haraka. "Shika huo mrija. Tungoje kidogo, mashine ipate moto."

Akaanza kuchonga penseli. Akauliza habari za barabara. Akauliza habari za watoto, za mvua, na kama ulezi umekubali mwaka huu.

"Ulezi umekubali, sister, lakini bei!" Semei alisema. "Watu wanaumia."

"Na siasa je?"

Hapo Semei alichangamka. Alikuwa na maoni mengi kuhusu siasa, na ni siku nyingi hajapata mtu wa kumsikiliza vizuri namna hii. Alieleza serikali ilipokosea, waasi walipokosea, na jinsi yeye binafsi angevimaliza vita kwa wiki mbili. Moyo ulimtulia kabisa. Hofu ya Proscovia ilimtoka, kigoda kikawa kitamu. Katikati ya maelezo aliukung'uta mrija, akautia pembeni mwa mdomo, akavuta taratibu mara mbili, akameza mate. Kisha akaipangusa ncha kwa kiganja, vizuri, kiungwana, akamnyoshea nesi.

"Asante, afande," alisema Khainza. "Mimi sinywi."

Akaandika jina.

Semei aliutazama mkono wake ulionyoshwa hewani. Jasho la saumu lilimtiririka shingoni.

"Lakini sister, mimi bado kupuliza!"

"Haya, puliza," alisema Khainza, akalivuta shuka. Chini yake palikuwa na ndoo tupu, na mwisho wa mrija umefungiwa jiwe usidondoke.