Moshi wa Ngiri Dirishani kwa Kanga

Kanga alihudumu katika baa ya Kiboko miaka sita, akizoa majivu ya sigara za wateja na kukohoa. Siku wanyama walipokatazwa kuvuta sigara ndani ya baa, alishukuru.

Ngiri, mvutaji kuliko wote, alisema baa imeuawa. Akatoka na wenzake, wakahamia uani, chini ya dirisha la chumba ambamo Kanga alilaza vifaranga wake. Kiboko, kwa kuogopa kuwapoteza, akawatolea mabenchi. Wiki haikuisha, kifaranga mdogo akaanza kukohoa kama mama yake.

"Sogeeni kidogo, jamani," Kanga alisema. "Watoto wamelala."

"Dada, ndani tumefukuzwa, na nje unatufukuza? Funga dirisha," Ngiri alijibu.

"Nimefunga tangu Jumatatu."

"Basi zoea."

Kanga alirudi chumbani. Aliwabeba vifaranga wote tisa, akawalaza ndani ya baa, kwenye viti vya mito.

"Watoto hawaruhusiwi humu," Kiboko alisema.

"Na moshi hauruhusiwi chumbani kwangu, bosi. Hewa safi iko humu, kwa hiyo watalala humu. Wewe mguse mmoja wao uone."

Kiboko hakumgusa yeyote.

Mchana huo mvua ilinyesha. Ngiri aliingia akichuruzika maji, akakuta viti vimejaa. "Waondoe hawa, nikae."

"Sauti ndogo, wanalala. Chumba changu ni kitupu. Kakae kule, moshi wako bado umo."

Ngiri alikwenda. Muda mfupi baadaye alitoka akifuta macho, akasimama kwenye mvua.