Mgonjwa wa Kusingizia

"Guna vizuri," Luo Min alimnong'oneza mumewe kwenye foleni ya hospitali. "Unaguna kama mtu aliyevimbiwa."

Wenbo akajishika ubavu, akaguna upya. Baba yake, Mzee Qiu, alimtazama huku akitafuna mbegu za alizeti na kutemea maganda kiganjani.

Mpango huo ulikuwa wa Luo Min. Wiki iliyopita alimwonyesha Wenbo picha ya ultrasaundi huku akilia: ini la mzee limejaa makovu. Na hapa kwetu Shaoxing, nani ana roho ngumu ya kumwambia mgonjwa kwamba ana ugonjwa mbaya? Wanaambiwa ndugu, mgonjwa anadanganywa kwa upendo. Basi ikabidi Wenbo ajifanye ndiye mgonjwa, na mzee aambiwe anapimwa kuona kama anaweza kumgawia mwanawe kipande cha ini. Wakapigwa skani wote wawili.

Wenbo alikuwa na hofu ya kweli. Alimpenda yule mzee mkaidi, na wiki nzima alikuwa akilia bafuni, bomba likiwa wazi. Pombe ya mchele tu ndiyo hakuiacha. Mabosi wakikujazia kikombe, utakataaje?

Daktari Shen akawaita ndani.

"Ini la mzee ni safi kabisa. Zuri kuliko langu."

Wenbo aliduwaa. "Na ile picha ya kwanza?"

Daktari alimtupia jicho Luo Min. "Ultrasaundi na skani mara nyingine hazikubaliani. Amini skani."

"Na mimi je, daktari?" Wenbo aliuliza, akikonyeza. "Nitapona?"

"Wewe una gesi tu tumboni. Punguza pombe."

Wenbo alicheka hadi machozi yakamtoka. Akamkumbatia baba yake mpaka maganda yakamwagika sakafuni, kisha akatoka mbio kumpigia simu dada yake.

Mlango ulipofungwa, Mzee Qiu aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo ile picha ya ini aliyopigwa mwanangu walipopimwa afya kazini kwake ilisema kweli."

"Ilisema kweli, mzee. Ila ini lako linamfaa."

Luo Min akaanza kulia, safari hii bila sauti. Mzee akafungua vifungo vya shati.

"Basi kateni kipande kikubwa," alisema. "Ila yeye msimwambie bado. Huyu akiumwa jino tu anaandika wosia."