Visu Viwili vya Mpini Mwekundu

Haya nimeyapata kwa Noonkipa, mke wa Lomayani, juzi alipoleta maziwa. Ya dukani yeye naye alikuja kuambiwa baadaye na shemeji yake, Andrea.

Lomayani alikuwa amekataa kisu kingine tena. Alikipitisha juu ya mkono wake, vinyweleo vikadondoka kama nyasi mbele ya fyekeo. Akakikunja, akamrudishia Kalpesh mwenye duka.

"Ghali hicho. Lete kingine."

Andrea, mdogo wake, alisimama mlangoni akitazama barabara ya Korogwe, kana kwamba yeye na huyu mwenye shuka na makubazi ya tairi hawakunyonya ziwa moja. Yeye ana kazi mjini, ana viatu vya kamba, na nyumbani Handeni hajatia mguu tangu mvua za mwaka juzi. Sasa amepata likizo, na kaka yake amemfuata wamnunulie baba yao kisu cha kukunja, kisha waende wote.

Mzee Salaash hajapata kukaa bila kisu mfukoni. Ndicho cha kukatia nyama, ndicho cha kuchongea mswaki, ndicho cha kutilia ndama alama masikioni. Tangu kisu hicho kitoweke hali akashiba, halali, usiku kucha anazunguka zizi akijipapasa mifuko. Amebaki mifupa. Wote walijua kwamba akiendelea hivyo watamzika.

"Basi chukua hiki," Kalpesh alisema, akakunjua chenye mpini mwekundu. "Chuma chenyewe. Kikifunguka kinakaza, hakikufungii vidole."

Lomayani akakijaribu mkononi. Vinyweleo chini.

"Ghali."

"Nitalipa mimi!" Andrea alisema toka mlangoni.

"Nimesema ghali." Akanyoosha kidole kwenye kopo lililokuwa pembeni. "Na kile?"

Kalpesh aliona haya. "Kile achana nacho, ndugu yangu. Kinafanana na hiki kwa sura tu. Watoto hukinunua cha kuchezea. Papai bivu hakikati."

Lomayani alikipitisha mkononi, hakikung'oka kitu. Akakandamiza kidole gumba kwenye makali, akavuta. Ndipo akatabasamu, mara ya kwanza siku ile.

"Hiki."

"Kaka," Andrea alisema, "ng'ombe wote wale zizini, na baba unampelekea bati?"

"Ya nyumbani tutayasema nyumbani." Lomayani alisema polepole, maana dukani kulikuwa na watu, na kwao mambo ya baba hayasemwi mbele ya watu.

"Ubahili nao siku hizi ni siri ya nyumbani?"

Lomayani alilipa. Alikifunga kisu kwenye karatasi, akamkabidhi. "Kaa nacho. Mpe wewe kwa mkono wako, atafurahi."

Walipofika stendi, Andrea akasema amesahau simu. Alirudi mbio kwa Kalpesh, akatoka na kile chenye chuma, mpini mwekundu vilevile. Pale Segera, kaka yake alipoinama kuchagua machungwa, lile bati liliruka likaangukia magugu nyuma ya vibanda. Andrea akajifuta mikono. Mtu mzima anachagua kisu kama anachagua kiazi kilichooza!

Safarini Lomayani alisogea karibu. "Andrea, kuhusu baba..."

"Niache nilale, kaka. Maneno yako nimeyasikia ya kutosha." Akajifunika kofia usoni.

Walifika jua likiwa bado juu. Andrea aliinamisha kichwa mbele ya mama yake, Nasinkoi, kama mila inavyotaka, naye akamgusa utosini kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulibaki ndani ya shuka. Kushoto! Andrea akaona hata adabu zimehama boma hili. Akasikia tena kwamba mama siku hizi analala nyumbani kwa Noonkipa. Hivi kweli Lomayani ameshindwa hata kuziba paa la mama yake?

Mzee alikuwa amekaa nje, mkono ukipapasa mfuko mtupu wa koti.

"Fisi wameshalala?" akauliza.

Andrea akacheka. "Mzee na utani wako! Mchana huu fisi gani? Shika, baba."

Mzee alikikunjua. Kikakaza, ka! Akakikunja, akakitia mfukoni, akashusha pumzi ndefu. Jioni ile alinywa uji bakuli zima, akaenda kulala mkono ukiwa mfukoni. Boma zima likapumua.

"Umeona?" Lomayani alisema, macho yamelowa. "Kumbe ni kukishika tu."

Andrea alimtazama kwa dharau. Kesho, mbele ya wazee, atamwambia ni kisu cha nani kilichomlaza baba. Akajitupa kitandani, akakoroma. Lomayani akafunga zizi kwa miiba, naye akalala.

Noonkipa alimfungua mkwe wake kitambaa cha mkononi ili amwoshe. Kidonda kilitoka begani mpaka kwenye kiwiko, nyuzi za zahanati bado hazijatolewa.

"Mama, lala tena kwangu leo."

"Kwa nini, mwanangu? Akishtuka usiku huniona fisi, ni kweli. Ndiyo maana kile cha kwanza tulimficha. Lakini hiki Lomayani amekipitisha mkononi mwake, hakikunyoa hata unywele. Sasa nimwache mume wangu peke yake gizani, nikiogopa nini?"

Noonkipa akamwangazia mpaka mlangoni, akarudi kulala. Nasinkoi akajilaza ubavuni mwa mzee, upande wake wa siku zote, na usingizi ukamchukua.