Gitaa la Kustaafia

Gitaa lilikuwa limelazwa juu ya meza ya kupimia mita za maji, watu watatu wamelizunguka kama madaktari juu ya mgonjwa. Lilikuwa la umeme, jekundu, jipya kiasi kwamba shingo yake bado ilikuwa na nailoni ya dukani.

"Haya, nishaurini," alisema Mkuu wa karakana. "Nibadilishe vitu vya ndani au niliache lilivyotoka kiwandani?"

Mkuu alikuwa anastaafu Ijumaa. Alishaapa kupiga gitaa na bendi ya wafanyakazi kwenye sherehe yake, na baada ya sherehe angeandika barua ya kupendekeza nani akalie kiti chake. Naibu wake alikuwa amekitolea macho kiti hicho miaka tisa. Alishajua hata kalenda yake ataitundika ukuta upi.

Kwa hiyo swali la gitaa halikuwa la gitaa. Akisema libadilishwe, atakuwa amemwambia mzee kanunua takataka. Akisema liachwe, ataonekana mtu asiye na mawazo mapya. Naibu alikuna kidevu mpaka kikawasha.

"Hebu piga kidogo kwanza, Mkuu," alisema, akivuta muda.

Mkuu akachomeka waya kwenye spika, akapiga. Ikatoka sauti ya kabati la chuma linaloburutwa kwenye saruji. Nje, mlinzi alitoka kibandani kuangalia nani kagonga geti.

"Mkono huo umezaliwa nao," alisema Naibu.

Mama Lakiri, yule anayefunga lakiri kwenye mita zilizokwisha kupimwa, hakuinua hata kichwa. "Samahani Mkuu, nakuheshimu, lakini tafuta mwalimu. Gitaa la watu halijakosa kitu."

Naibu alimtazama kwa huruma. Miaka ishirini kazini, na mama wa watu bado hajui kuongea na wakubwa.

Mchana huo Naibu hakula. Alikaa na simu akisoma habari za magitaa, na saa nane akamfuata Mkuu akiwa amejaa elimu kama puto. Alimkuta anapuliza mita kwa mdomo, bila tone la maji. Mshale ukazunguka, ukihesabu upepo kama maji. Mkuu akaitupa kwenye ndoo ya mbovu.

"Sema, Naibu."

"Nimechunguza, Mkuu. Tatizo ni sumaku. Zile mbili pale chini ya nyuzi. Ndizo koo la gitaa la umeme, bila hizo ni ubao wa kukatia vitunguu. Sasa hizi za kiwandani ni baridi, na mkono wako ni wa moto. Hapo ndipo wanapogombana."

"Kumbe."

"Weka nyingine, Mkuu. Utanikumbuka."

Mkuu aliokota mita nyingine. "Basi nitalipeleka kwa fundi redio pale kona. Wazo lako nimelichukua, kijana wangu."

Naibu, mwenye wajukuu wawili, aliimaliza siku kama mtoto aliyepewa pipi.

Ijumaa ukumbi ulifurika. Bendi ilikuwa na drams, besi, kinanda, na dereva wa lori aliyeimba kama anadai fidia. Katikati alisimama Mkuu, macho kafumba, vidole vinakimbia juu chini kwenye nyuzi kama vinafukuza mende. Wimbo ulipoisha, Naibu alikuwa wa kwanza kusimama na wa mwisho kuacha kupiga makofi.

"Mkuu," alisema, akimfuta mzee jasho kwa leso yake mwenyewe, "zile sumaku. Joto lake nimelisikia mpaka kwenye meno."

"Umeona tofauti?"

"Ardhi na mbingu. Ile solo ya katikati, mimi nusura nilie."

"Ya katikati ndiyo uliyoipenda."

"Hata ya mwisho. Lakini ya katikati ilikuwa inaongea."

Mkuu akamgeukia Mama Lakiri. "Na wewe?"

"Mimi nimesikia kinanda. Gitaa sikulisikia, Mkuu. Labda ni masikio."

"Si ulikaa safu ya mbele?"

"Basi ndiyo masikio."

Naibu aliuma mdomo asicheke. Mama wa watu kajimaliza mwenyewe, tena mbele ya wageni.

Mkuu alichomoa kalamu pale pale, kati ya sahani za keki, akaandika barua, akatia sahihi, akaifunga ndani ya bahasha. Halafu akamkabidhi Naibu gitaa kwa mikono miwili. "Nipitishie kwa fundi ukienda nyumbani. Analijua."

Naibu alilibeba kama kichanga cha siku tatu. Alipofika kwenye kibanda cha fundi, alilaza gitaa juu ya kaunta taratibu.

"Fundi, mikono yako idumu. Leo limelia ukumbi mzima, watu wametoa machozi."

Fundi aliacha kuunga waya. Alimtazama Naibu, akalitazama gitaa, kisha akavuta droo na kutoa mfuko mdogo wenye vyuma viwili.

"Limelia kwa kutumia nini, mzee? Nimeacha vifuniko tu. Sumaku zake hizi hapa. Mwenyewe aliniambia nizitoe, na nisiweke kitu mpaka sherehe iishe."