Mkono Ulioshuka

Ilikuwa raundi ya mwisho ya besiboli, na timu zilikuwa sare. Sefu, mkimbiaji wa wapinzani, alisimama kituo cha tatu. Akikanyaga tu kituo cha nyumbani, wameshinda. Khatibu, mrushaji, akafuta jasho la kiganja, akafuta tena. Sheria aliijua: ukishaanza kurusha, huruhusiwi kusita; ukisita, mkimbiaji hupewa kituo kinachofuata. Akainua mkono.

Papo hapo jeneza likatokea barabarani kando ya uwanja, limebebwa upesi upesi. Waliokaa wakasimama. Mkono wa Khatibu ukashuka wenyewe, mpira ungali kiganjani.

"Umesita!" mwamuzi akapaza sauti. "Mkimbiaji apewe kituo cha nyumbani!"

"Lakini mwamuzi, maiti anapita!" Khatibu akasema.

"Nimeona. Sheria haijui maiti."

Mchezaji mmoja wa timu ya Khatibu akabwaga glavu chini. Khatibu hakusogea, vidole vyake vilihangaika tu juu ya mshono wa mpira.

Sefu akatoka mbio. Alipokaribia kituo cha nyumbani akakata kona, akavuka barabara, akaingiza bega chini ya jeneza.

"Wewe! Rudi ukanyage!" mwamuzi akaita.

Jeneza lilikuwa limeshapinda kuelekea makaburini.