Sufi Juu, Pamba Chini

Jumatano, tarehe 10 Novemba 1993. Asubuhi ile manyunyu yalikuwa yakishuka kutoka milima ya Usambara, na mto Pangani ulikuwa umejaa maji mekundu.

Hajira alisimama ukingoni, Korogwe ya zamani, mikono ameificha ndani ya khanga. Nyuma yake lilikuwepo lori lililosheheni majaketi ya kujiokolea, ya rangi ya chungwa. Yalikuwa yakienda kwenye meli mpya ya abiria ya tajiri mmoja wa Tanga. Siku hizi mwenye mtaji aliruhusiwa kuendesha meli yake, mradi kila abiria awe na jaketi lake la kuvaa meli ikipata ajali.

Majaketi yalishonwa uani kwa Hajira. Mumewe, Sadala, alikuwa fundi wa magodoro, na kazi hii aliifanya kwa desturi ileile ya magodoro: sufi juu, pamba chini. Majaketi machache aliyajaza sufi safi ya miti ya Mkumbara, ambayo huelea. Sufi ilipokwisha, yaliyobaki aliyajaza pamba ya Handeni, ambayo hunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Kwa macho, zote ni nyeupe. Alfajiri alipakia lori kwa mkono wake mwenyewe, ya pamba chini, ya sufi juu.

"Mteja hubonyeza kidole juu tu," alikuwa akisema.

Hajira alipomuuliza habari za abiria, alimjibu kwamba majaketi yale ni mito ya kulalia tu iliyotiwa kamba, na meli haizami kila siku. Akaongeza kwamba mke anayetoa siri za nyumba huondoka na mkeka wake.

Tangu hapo Hajira hakuwa na usingizi. Kila baada ya sala alibaki kwenye mswala, akiomba dua moja tu.

Sasa mkaguzi wa serikali, wa kupima majaketi, alikuwa amefika. Bwana Valerian alikuwa mtu mpole mwenye miwani, lakini alikataa chai, akasema anataka kuona mtu aliyevaa jaketi akielea majini. Mtu huyo alikuwa Fabiani, mpakizi wa lori, ambaye hakujua kuogelea. Walimfunga kamba kiunoni, vijana wanne wakaishika.

"Usiogope mamba, Fabiani," alisema Tatu, mmoja wa washonaji. "Wewe mifupa mitupu. Wanamngoja Sadala na kitambi chake."

Watu wakacheka. Fabiani naye alicheka, meno yakigongana.

Mkaguzi alichukua jaketi lililokuwa juu ya mzigo. Fabiani akalivaa, akaingia mtoni. Mkaguzi akawasha sigara, akaivuta taratibu mpaka ikaisha. Fabiani alielea, kidevu juu ya maji. Midomo ya Hajira ilikuwa ikitembea bila sauti.

Jaketi la pili likaelea. La tatu likaelea.

Kisha mkaguzi akapanda gurudumu la lori, akapenyeza mkono katikati ya mzigo. Sadala, jasho likimtoka katika baridi ile, aliwahi kumvutia jaketi jingine la juu.

"Chukua hili, bwana mkubwa. Huko ndani utajichafua bure, na yote ni mamoja."

Mkono wa mkaguzi ukatoka mtupu. Hajira alifumba macho.

La nne nalo likaelea. Washonaji wakapiga makofi. Mkaguzi akampa Sadala mkono, akamwambia dereva mzigo unaweza kuondoka, kwa kuwa meli ingepakia abiria jioni ileile. Sadala akageuka kumtafuta mkewe, uso umemjaa furaha.

"Umeona, mama watoto? Mungu amesikia."

Hajira alijua kwamba Mungu hakumsikia. Majuma yote yale alimwomba kitu kimoja: mto uliseme lile ambalo yeye aliogopa kulisema.

Akaenda kwenye lori. Akasukuma mkono chini kabisa ya mzigo, akang'oa jaketi, akalivaa juu ya khanga na kufunga kamba zake mbele. Walidhani anafanya mzaha, mpaka alipopita mahali penye mawe na maji yakamfika kifuani. Sadala alimwita mara moja. Hajira naye hakujua kuogelea, na hakufungwa kamba yoyote. Jaketi lilikuwa limeanza kuwa zito.

"Bwana mkaguzi, na nyinyi nyote, mnishuhudie," alisema. "Hili limetoka chini. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu: sitoki humu majini mpaka mzigo wote ushushwe."